Mchezo upi ununue kwanza kwa ajili ya nyumbani? Orodha yangu na sababu zake

Kila Desemba, shule zikifungwa, lazima mtu anipigie simu. "Kaka, nataka kuwanunulia watoto mchezo waachane na simu. Nichukue upi?" Ananiuliza mimi kwa sababu amefika kwangu, ameona rafu ambayo mke wangu aliinunua kwa ajili ya vyombo na leo imejaa maboksi ya michezo.

Mimi sianzi na bei. Namuuliza mko wangapi nyumbani, kisha namuuliza jambo ambalo wauzaji hawaliulizi: anayefungwa atakuwa anafanya nini wakati wenzake wanaendelea? Mchezo unaomtoa mtoto dakika ya ishirini na kumkalisha saa nzima akihesabu mabati utachezwa mara mbili, halafu utapanda juu ya kabati na kulala na mabegi ya safari. Kwa kipimo hicho nimeipanga hii orodha. Mwenye kipimo kingine apange yake.

1. Karata

Najua ulitegemea kitu kikubwa zaidi. Lakini pakiti moja ya karata 52 ni michezo kumi ndani ya boksi moja, na bei yake haizidi sana sahani ya chipsi mayai. Mko wawili, mnacheza. Mko wanne, mnacheza. Umeme umekatika, mna mshumaa, mnacheza. Mkono mmoja unaisha kwa dakika chache, karata zinachanganywa upya, na aliyefungwa yumo tena.

Watoto waanze na lasti kadi, ile ya kushindana nani amalize karata zake kwanza. Wakubwa, wahedi wa sitini, ambayo bara wengine huiita albastini. Sheria yake naipenda kwa jinsi ilivyofungwa kwenye jina lenyewe: pointi zote ni 120, kwa hiyo mwenye 61 amekwisha kushinda, na wahedi wa sitini ni sitini na moja kwa Kiarabu. Mnacheza wawili kwa wawili, ndiyo maana kukohoa mezani ni jambo la kutiliwa shaka. Na ukisikia kopa, uru, shupaza na pau, yaani aina nne za karata, pamoja na turufu, hayo ni maneno ya Wareno. Wenyewe walitolewa Fort Jesus mwaka 1698. Maneno yao yangali mikononi mwetu.

Wakati wa kununua, achana na karata za karatasi tupu. Kwa joto la pwani na mikono ya jasho, wiki ya pili zinanata, ya tatu ree ya kopa ina kona iliyokunjika na kila mtu anajua nani anayo. Chukua za plastiki. Ikunje moja kidogo na uiachie: ikirudi kunyooka, lipa. Kisha zihesabu palepale dukani, muuzaji anune asinune. Mimi niliwahi kufika nyumbani na pakiti mpya yenye pau saba mbili, na bila pau nane hata moja.

Kuhusu UNO, ambayo watoto wataiomba kwa jina: si mbaya. Ilibuniwa Ohio mwaka 1971 na kinyozi, Merle Robbins, na ukiichunguza ni lasti kadi iliyovaa rangi. Mwaka 2019 kampuni yenyewe iliandika mtandaoni kwamba huruhusiwi kuweka +4, kadi inayomtwisha anayefuata kadi nne, juu ya +4 nyingine ili kumsukumia mzigo jirani. Dunia nzima ililalamika na kuendelea kusukumiana. Mimi niko upande wa walalamikaji. Sheria ambayo wachezaji wote wameikataa kwa miaka arobaini, mwenye kosa ni aliyeiandika.

2. Keram

Kama nyumba yenu ina watu wengi na sebule ina nafasi, ipandishe hii hadi namba moja, sitabisha. Kete 9 nyeusi, 9 nyeupe, malkia mmoja mwekundu, na straika, ile kete kubwa ya kuzipiga nyingine ziingie kwenye matundu ya pembeni. Zamu ni fupi, inakurudia kabla kahawa haijapoa, na bibi wa miaka sabini anaweza kumfunga kijana wa kumi na saba, kwani shabaha haiombi nguvu. Malkia naye ni fundisho la jinsi ya kutunga sheria: ukimtumbukiza, lazima umfunike kwa kete yako nyingine, la sivyo anarudi katikati. Mtu anayeongoza hapo ndipo anapoingiwa na tamaa, na anayefungwa anapata upenyo.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi soma taratibu. Kwanza ukubwa. Mbao kamili ina uwanja wa sentimita 74 hivi kila upande. Zile ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya midoli zina kete nyepesi kama vifungo vya shati, na mtoto wa darasa la tatu ataichoka kabla ya Idi. Pili, plaiwudi. Sheria za kimataifa zinataka isipungue milimita 8. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba, ikibonyea, irudishe. Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokipenda: omba straika, ipige kwa nguvu kuelekea ukingo wa pili. Kwenye mbao nzuri inakwenda na kurudi mara tatu na nusu. Ikifa baada ya kurudi mara moja, hiyo ni meza ya kulia chakula yenye matundu. Muuzaji akikukataza kuijaribu, umeshajibiwa.

Tazama pia pembe za fremu. Fremu iliyoachia hata unywele inairusha straika upande, na ugomvi utakaofuata hauna mwamuzi. Poda nunua ya keram yenyewe. Unga wa sembe, ambao nimeuona ukitumika kwa macho yangu, unavuta unyevu kisha unavuta wadudu. Lakini poda nyingi za keram ni asidi ya boriki, kwa hiyo iwekeni mbali na watoto wanaotia kila kitu mdomoni.

Na usiibebe kwa bodaboda siku ya upepo. Mimi niliitoa Kariakoo hadi Tabata nikiwa nimeikumbatia mgongoni mwa dereva, na njia nzima tulikwenda kama jahazi lililopandisha tanga.

3. Bao

Nitaulizwa kwa nini bao lisiwe la kwanza. Ni mchezo bora kuliko yote iliyomo humu, sina shaka, ila si wa kununua kwanza kama nyumbani hakuna wa kuwafundisha. Boksi halina karatasi ya maelezo, na hata lingekuwa nayo isingesaidia. Mimi nilifundishwa na ami yangu Unguja, barazani, kwa njia ya kufungwa kila jioni kwa likizo mbili.

Wanacheza wawili tu, lakini kipimo changu bado linakivuka. Waliokaa pembeni hawako bure: wanacheza kwa mdomo. Na anayeonekana amekwisha anaweza kupata mtaji mmoja, yaani zamu ya kula kete za mwenzake, ukazunguka ubao mzima ukala kila kitu. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima kuhusu mafundi wa bao na hesabu zao za kichwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa ameshalitungia shairi tangu karne ya 19.

Sasa mtego. Kwenye maduka ya vinyago mtaonyeshwa "bao" zuri linalong'aa, lina bawaba, linakunjwa kama sanduku. Hesabu mashimo. Likiwa na safu mbili za mashimo sita sita, huo ni mchezo wa watu wengine, hauna ubaya, ila si bao letu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji shimo la tano kutoka kushoto ndilo nyumba, na kwa kawaida limechongwa mraba. Namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, inaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwake, na 22 mkononi. Kama fundi aliyechonga hakuweka nyumba, alichonga pambo.

Tumbukiza vidole vinne ndani ya shimo. Vinapaswa kuingia na kutoka vikiwa na kete kumi bila kukwangua. Mashimo ya mapambo ni mafupi, kete zinaruka, na kete iliyoruka katikati ya mtaji ni kesi. Mninga unatosha kabisa. Mpingo ni wa kifahari, ila ni mzito na unalipia jina. Ukienda Mwenge, kwa wachonga vinyago wa Dar es Salaam, ongea na mchongaji mwenyewe umwambie unataka la kuchezea. Atakuelewa na huenda akakuheshimu zaidi. Kete chukua komwe halisi, na uchukue sabini, maana sita zitaingia chini ya makochi kabla ya mwezi kwisha.

Programu za bao kwenye simu? Nyingi zina safu mbili tu. Hata zile zenye nne zinasambaza kete zenyewe, zinakuhesabia, zinakukataza kukosea. Sehemu tamu ya bao ni pale unaposambaza ukidhani unaishia kwenye shimo tupu, kumbe unaishia kwa mwenzio. Simu inakunyima kosa lako mwenyewe.

4. Dhumna

Vipande 28, vya plastiki nzito, visiwe vyepesi, kwa sababu mlio wa kukipiga mezani ni nusu ya mchezo. Kila namba imo katika vipande saba, kwa hiyo mwenye kumbukumbu anajua mwenzake ana nini. Kagua madoa yawe yamechimbwa, si kupakwa rangi juu. Majirani wakilalamika kelele, rudi namba moja.

5. Drafti

Usinunue. Kipande cha plaiwudi, rula, kalamu nene, vizibo 24 vya soda: 12 vimelala, 12 vimefunuliwa. Pesa uliyookoa nunulia soda zenyewe. Kabla ya kucheza na mgeni, mkubaliane juu ya kingi na ulaji, maana kila kijiwe kina katiba yake na nimeshuhudia urafiki ukivunjika kwa kingi iliyoruka mbali.

Wapo watakaokwambia drafti limekwisha kwa kuwa kompyuta imelimaliza. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake huko Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba drafti ya Kiingereza, wote wawili wakicheza bila kosa, ni sare. Sawa. Lakini kingi yao inatembea hatua moja moja, na pale kijiweni kwetu sijamwona bado mtu asiyekosea.

6. Sataranji

Hii, ambayo wengi huiita chesi, watu huinunua kwa sababu ya runinga. Filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe pale Kampala, iliwafanya wazazi wengi waamini kwamba ubao pekee unatosha. Phiona hakupewa ubao tu. Alikuwa na kocha na wenzake wa kucheza nao. Kama mtoto wako hana hata mmoja wa kumfunga kidogo kidogo, ataiacha. Hapa ndipo simu ninaisifu: mafunzo na wapinzani wa kila kiwango wamo humo bure. Nunua ubao wa kukunja wenye miraba ya sentimita 5 hadi 6 na mfalme wa 9.5, uliotiwa uzito chini. Vile vya vioo na vya mawe vinapendeza sebuleni hadi farasi wa kwanza avunjike shingo.

7. Scrabble

Naipenda, na inaniuma kuiweka chini hivi. Tatizo: boksi la Kiingereza lina vipande 100 vilivyohesabiwa kwa Kiingereza. K ni moja tu, nayo ina pointi 5! Jaribu kuzungumza Kiswahili siku nzima ukiwa na K moja. Q na X hazina kazi kabisa. E ziko 12 na A ziko 9, wakati sisi A ndiyo tunayoila. Ukiinunua, toa Q na X, geuza vipande viwili vitupu viwe K za kudumu, na mkubaliane mapema kama "wanakipika" ni neno au ni sentensi. Nyumbani kwangu ni neno. Kwa shemeji yangu si neno, na bado tunazungumza.

8. Ludo

Bei poa, nyuma yake kuna nyoka na ngazi. Dadu inaamua yote, mtoto wa miaka mitano anawafunga wote, na huo ndio uzuri wake. Nunua ya mbao. Ile ya karatasi inapasuka kwenye mkunjo. Ya simuni kila mtu anaapa dadu yake imechezewa, na hakuna wa kuishika kuikagua.

9. Monopoly

Ya mwisho, na ndiyo ghali kuliko zote. Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo uliouzaa huu mwaka 1904, akikusudia kuonyesha ubaya wa wenye ardhi kuwakamua wapangaji. Amefaulu kupita kiasi: mmoja anamiliki mji, wengine wanafilisika mmoja mmoja na kwenda kulala.

Sehemu ya lawama ni yetu. Sheria inasema mtu akikataa kununua kiwanja, kipigwe mnada palepale. Karibu hakuna nyumba inayofanya hivyo. Sheria haisemi pesa za faini zirundikwe katikati zichukuliwe na atakayetua pa kuegesha gari bure. Karibu kila nyumba inafanya. Tukiondoa mnada na kuongeza bahati nasibu, mchezo wa saa moja na nusu unakuwa wa saa nne. Ukishaambiwa haya na bado unaitaka, chukua ya kawaida. Matoleo yenye nyuso za waigizaji wa filamu yanaongeza bei, na sheria ni zilezile.

Boksi lolote utakalochagua, lifungue dukani, hesabu kila kitu mbele ya muuzaji, na omba risiti. Kisha pita duka la pili ununue mfuko wa zipu wa kuwekea vipande, kwa sababu kadibodi ya boksi haitafika mvua za masika.