TAHADHARI: Seti za tapu na dai zilizochorwa "HSS", ndani ni chuma laini

Wakuu, salaam. Kuna muuzaji anauza seti za tapu na dai kwa simu na kuzituma mikoani kwa basi. Anasema duka lake lipo Kariakoo. Nimemtuma ndugu yangu akalitafute, halipo. Kila kipande kwenye seti kimechorwa HSS pamoja na jina la kiwanda kimoja kikubwa cha Ujerumani, na katika vyote nilivyovipima sijapata hata kimoja ambacho ni HSS. Jina la akaunti silitaji kwa sababu ameshalibadilisha mara mbili tangu nianze kumfuatilia, ukilikariri litakupoteza tu. Bora ujue kuupima mzigo wenyewe kabla hujalipa.

Kwa asiye fundi: tapu inakata thredi ndani ya tundu ili bolti iingie, dai inakata thredi juu ya nondo ili nati iingie. Kwenye vitabu thredi inaitwa hesi, lakini nenda gereji useme unataka kukata hesi, watakuuliza hesabu ya nini. HSS ni chuma cha kasi, kile kile cha biti nzuri za drili. Kinabaki kigumu hata kikishika moto wa nyuzi 500 na zaidi. Chuma cha kaboni kikipita nyuzi 250 hivi kinaanza kulegea. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, vyote vinang'aa.

Nina karakana ndogo hapa Morogoro. Niliona video yake: sanduku la bluu, tapu tatu tatu kwa kila saizi, dai za duara zenye mkato ubavuni, na mikono inayofungua kila kitu taratibu juu ya kitambaa cha kijani chenye maua. Nikalipa 185,000 kwa simu, mzigo nikaupokea stendi ya Msamvu kesho yake asubuhi. Kufungua: tapu moja moja tu kila saizi, na dai zote za pembe sita.

Hapo ndipo ningesimama, na kosa hilo ni langu. Tapu za mkono huja tatu kwa sababu zinagawana kazi. Ya kwanza imechongoka mbele ili ikae wima na kuanza, ya pili inaongeza kina, ya tatu inamalizia hadi chini ya tundu lisilotoboka upande wa pili. Dai za pembe sita nazo ni za kusafishia thredi ambayo tayari ipo lakini imeumia. Za kukatia thredi mpya ni zile za duara, unazipanua au kuzibana kidogo kwa skrubu yake mpaka nati ikae unavyotaka. Nilipomwuliza akajibu, "Boss wangu huo ndio mzigo mpya, wa video uliisha." Nikakubali kwa sababu nilikuwa na kazi inasubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa bamba la chuma cha kawaida la milimita 12, matundu manne ya M8 (bolti ya kipenyo cha milimita 8), la kushikia mota ya mashine ya kusaga. Nikatoboa kwa biti ya 6.8. Hesabu yake kila fundi anaijua: kipenyo cha bolti toa umbali wa jino hadi jino, 8 toa 1.25, unapata 6.75, biti ya 6.8 ndiyo yake. Nikafungua mdomo wa tundu kidogo, nikapima wima kwa skwea, nikatia mafuta, nikaenda nusu mzunguko na kurudi robo ili kukata taka. Tundu la kwanza likapita kwa shida. La pili tapu ikaanza kulia. Nikaitoa, nikakuta meno ya mbele yamelala kama meno ya kitana kilichokanyagwa. Bolti ya M8 haikuingia hata mizunguko miwili.

Nawaeleza hatua zote hizi kwa sababu jibu lake kwa kila mteja ni moja: "Fundi umetumia nguvu." Ni kweli tapu nzuri nayo huvunjika ukiikosea. Ukitoboa tundu dogo, ukienda upande, ukikata kavu kwenye chuma bila kurudi nyuma, itakatika hata ingekuwa ya dhahabu. Lakini tapu ngumu ikikosewa hukatika kama glasi. Meno ya HSS hayalali kwenye chuma cha kawaida.

Maumivu yalikuja na kazi ya pili. Kijana wa bodaboda alileta pikipiki ya Kichina, injini ya muundo wa CG125, stadi ya M6 ya ekzosi (kinondo chenye thredi kinachoshikilia bomba la moshi) imekatikia ndani ya silinda hedi. Nikaitoboa katikati kwa biti ya 5, nikaingiza tapu ya M6 kutoka sanduku lile lile (ndiyo, nilirudia, nilidhani ile ya M8 ilikuwa mbovu peke yake). Hii haikulala meno. Ilijisokota kama kamba, ikakatika, kipande kikabaki ndani ya aluminiamu ya mtu.

Ukipasha chuma kilichobaki ili kilegee utoboe, aluminiamu inayeyuka kwa nyuzi 660, na kabla hujafika huko hedi itakuwa imeshapinda. Nilitumia njia ya wazee: shabu, ile ile wanayouza sokoni vinyozi wanapaka baada ya kunyoa. Maji yake ya moto yanakula chuma pole pole na kuiacha aluminiamu. Ila msije mkazamisha hedi nzima kwenye sufuria, maana siti za valvu na mirija yake nayo ni chuma, vitaondoka vyote. Nilijenga ukingo wa udongo wa mfinyanzi kuzunguka tundu lile moja, nikawa naongeza maji ya shabu ya moto kutwa nzima, siku mbili. Kipande kikageuka matope meusi. Stadi mpya ikakaa. Kijana alikosa hesabu ya bosi wake siku tatu, nikamlipia mimi. Hizo hazimo kwenye ile 185,000.

Nilimpigia muuzaji. Akapokea mara moja, akaniita kaka, akasema atabadilisha nikimtumia nauli ya mzigo kwanza. Nilipokataa akanifungia. Nimeshaongea na mafundi wawili wengine, mmoja Dodoma na mmoja Iringa. Wote waliambiwa maneno hayo hayo, na wa Iringa alituma hiyo nauli.

Sasa kupima. Chukua tupa nzuri, ipitishe taratibu kwenye shina la tapu karibu na meno. Kwenye tapu halisi tupa inateleza, haing'ati. Yangu iling'ata, ikatoa unga. Shina lenyewe kwa juu, pale pa mraba panaposhikwa na mpini, linaweza kuwa laini kidogo hata kwenye tapu nzuri, kwa hiyo usipimie hapo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cheche. Gusisha nyuma ya tapu kwenye jiwe la grenda, sekunde moja, kisha gusisha biti ya zamani unayojua ni HSS. Cheche za HSS ni chache, nyekundu iliyofifia, hazichanui. Chuma cha kaboni kinatoa cheche nyingi, nyeupe za njano, zinapasuka mwishoni kama fataki. Tapu zangu zote nne nilizozijaribu zilikuwa sikukuu. Muuzaji wa kweli hatakukataza kugusisha moja, au utakubaliana naye ununue moja kwanza.

Halafu hesabu meno, kwa sababu kwenye seti yangu hata saizi zimedanganya. Tapu iliyochorwa M10×1.25, ambayo ndiyo saizi ya bolti nyingi za magari ya Kijapani, nilipoiweka kwenye rula ilikuwa na meno 10 ndani ya milimita 15. Ya 1.25 lazima yawe 12. Kumi ni 1.5. Ingiza hiyo kusafishia tundu la Toyota ya mteja uone utakachomwambia. Kama huna geji ya kupimia thredi, laza bolti unayoiamini ubavuni mwa tapu, meno yaingiane, inua kwenye mwanga. Mwanga ukipita, rudisha.

Kwa walioshalizwa: kitu kilichobandikwa jina la kiwanda kingine kinapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Mimi nimepeleka picha za tapu, za sanduku na meseji za malipo. Msitupe risiti ya basi, inaonyesha mzigo ulitumwa kutoka wapi.

Akaunti mpya niliyoiona wiki hii ina jina la kike na inauza pia mashine za kuchomelea, lakini video ni ile ile: sanduku la bluu, kitambaa cha kijani chenye maua, na kidole gumba cha kushoto chenye ukucha mweusi. Kwenye seti yangu kilichobaki na faida ni mpini wa tapu tu. Huo ni mzuri kweli, nautumia na tapu ya M8 niliyoazima kwa jirani.