Contact au Arrival: ipi imenivunja moyo zaidi?

Nimezitazama filamu hizi mbili za binadamu kukutana na viumbe wa anga za mbali, barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, laptopu juu ya kigoda, kahawa chungu pembeni.

Contact (1997) inaanza vizuri mno: ishara kutoka nyota ya Vega, mapigo yanayohesabu namba tasa, 2, 3, 5, 7. Hesabu haitaki mkalimani. Kisha Jodie Foster, anayeigiza mwanasayansi, anafunga safari yote ile ya angani, anafika, na kiumbe wa huko anamjia kwa sura ya marehemu babake, ufuoni, tena akisema Kiingereza! Ami akafyonya: “Ufuo si hata Nyali tunao?”

Arrival (2016) angalau inatoa jasho. Amy Adams, anayeigiza mtaalamu wa lugha, anaandika “binadamu” ubaoni, anajionyesha kwa kidole; wale viumbe wa miguu saba wanamjibu kwa maduara ya wino mweusi yanayoelea kama moshi. Ndivyo vijana wa ufuoni hapa walivyojifunza Kiitaliano: onyesha, taja, rudia. Lakini ghafla kujua lugha kunageuka kuwa kuiona kesho, na vita vinazuiwa kwa simu moja. Nilitaka sarufi, nikapewa ramli.

Nikiambiwa nirudie moja, ni Arrival. Nitaizima kabla ya ile simu.