Shabu ya kusafisha bwawa lenye ukungu, maoni yangu baada ya kuitumia

Nianze na jibu maana najua wengi mnatafuta jibu tu: shabu inafanya kazi, na kwa bwawa la kuogelea la nyumbani lililokaa miezi bila kuhudumiwa sijaona kitu kingine cha kumwaga kwenye maji kinachoikaribia. Mimi niliitumia kwenye bwawa ambalo ukijani ulishaisha ila maji yakabaki meupemeupe, ukisimama pembeni ngazi ya pili huioni, na nilikuwa nimeshamimina chupa nzima ya ile dawa ya maji wanayoiita king'arisha na sikuona badiliko la maana. Naipa nyota nne, na ile moja niliyoipunguza nitaieleza.

Kwa wasioijua, hii ni aluminiamu salfeti, chengachenga nyeupe zinazofanana na chumvi ya mawe, kitu kilekile mitambo ya maji ya kunywa inatumia kutuliza tope kabla ya kuchuja. Sasa kwa nini filta peke yake haitoshi? Ukungu kwenye bwawa lililotelekezwa mara nyingi ni mwani uliokufa na vumbi laini sana, chembe za maikroni chache tu (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati filta ya mchanga inakamata vizuri kuanzia kama maikroni 20 kwenda juu, kwa hiyo uchafu unaingia kwenye filta unapita katikati ya mchanga unarudi bwawani na pampu inazunguka usiku na mchana inakula umeme bure. Alafu zile chembe zina chaji hasi zinasukumana zenyewe kwa zenyewe ndo maana hazizami hata ukiacha maji yatulie. Shabu inaua hiyo chaji, chembe zinashikana, zinakuwa na uzito, zinashuka chini.

Lakini jamani, na hapa naomba msome taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaipa shabu lawama isiyo yake: USIMWAGE SHABU KWENYE MAJI YA KIJANI. Shabu haiui mwani, shabu inabeba kilichokufa. Mwani ulio hai utazama kidogo kisha utaendelea kuzaana kama kawaida na wewe utabaki unasema bidhaa ni feki. Klorini kwanza. Na kabla ya klorini pima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, uishushe ifike 7.2 hivi, sababu kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini yako iko kwenye ile hali inayoua, ikifika 8 inabaki kama robo tu, yaani unanunua ndoo nzima unafaidi robo yake. Piga brashi kuta zote, kona, nyuma ya ngazi, ule utelezi ukiuacha ndo unaolisha mwani upya. Weka klorini jioni jua likizama, jua linaila haraka sana.

Utajuaje mwani umekufa kweli? Usitumie macho. Pima klorini usiku, pima tena alfajiri kabla jua halijapiga, ikiwa imepungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita basi kuna kitu bado kinaila humo ndani na shabu isubiri kwanza. Ikiwa haijapungua au imepungua kidogo sana, sasa ndo wakati wake. Mi nilisubiri mpaka kipimo kikatulia na nina hakika ndo sababu matokeo yalikuwa mazuri vile.

Na la usalama hapohapo: klorini ya unga na vile vidonge vikubwa vya bwawa msivichanganye kwenye ndoo moja, wala kijiko kilichotoka huku kisiingie kule, vinawaka moto na vinaweza kulipuka. Na siku zote kemikali ndiyo inawekwa kwenye maji, sio maji kumwagwa juu ya kemikali.

Haya kipimo cha shabu chenyewe. Kawaida ni kati ya gramu 30 na 50 kwa kila mita ya ujazo, fuateni pia lebo ya mnachonunua. Ukubwa wa bwawa ni urefu mara upana mara kina cha wastani, kwa mfano mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani 1.5 ni mita za ujazo 48, kwa hiyo unahitaji kilo moja na nusu mpaka mbili na nusu hivi. Kuzidisha hakusaidii, ukizidisha sana maji yanabaki na ukungu wa shabu yenyewe na umejiongezea kazi. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji, zungusha kuimwaga bwawa zima, alafu ile vali ya filta iweke kwenye kuzungusha bila kuchuja. Hii sehemu ni muhimu mno, shabu ikipita kwenye mchanga inashikamana humo ndani na filta inaziba. Pampu izunguke saa moja au mbili ichanganye vizuri, alafu zima kila kitu. Kila kitu kabisa. Asiingie mtu, maji yasitikiswe, wacha usiku kucha.

Ile asubuhi ndo iliyonifanya niandike hapa. Ukiangalia kwa juu unaona maji ya juu yamekuwa angavu kabisa na chini kumelala kitu cha kijivu kama maziwa mgando, kimefunika sakafu yote mpaka tundu la kutolea maji halionekani. Kabla hakijashuka, ukiwa na tochi jioni ile, unaviona vipande vidogo vinazaliwa katikati ya maji, vinagusana, vinakua, vinaanza kushuka taratibu. Nilikaa pale pembeni muda mrefu nikiangalia tu.

Sasa kazi ngumu: kufyonza lile tope la chini. Vali kwenye njia ya kumwaga nje, SIO kuchuja, maana ukipitisha lile tope kwenye filta litavunjika vipande na kurudi bwawani, na mchanga utaziba. Na mwendo uwe wa polepole kuliko unavyodhani, kile kitu ni chepesi mno, ukisukuma fimbo kwa haraka kinanyanyuka chote kinafuka na huoni tena chini, hapo hakuna namna ni kuacha mpaka kitulie tena. Mi nilikuwa nasogeza kichwa cha kufyonzea upana wa kiganja, nasubiri, nasogeza tena, naanzia kina kifupi kuelekea kirefu. Bomba la maji safi liwe linajaza muda wote kwa sababu kina kikishuka chini ya mdomo wa kuvutia maji pampu itavuta hewa. Kona za ngazi zilinisumbua, tope linajificha pale na brashi ndogo ndo ilisaidia.

Nyota niliyopunguza ni kwa mambo mawili. Kwanza maji yanayopotea ni mengi, unamwaga nje sehemu ya bwawa na unajaza upya, alafu uanze kupima tena kila kitu. Shabu pia inakula alkalini, yaani ile akiba ya maji inayozuia pH isiyumbe, kila miligramu 1 kwa lita ya shabu inaondoa karibu nusu miligramu ya alkalini, kwa hiyo dozi ya gramu 50 kwa mita ya ujazo, ambayo ndiyo miligramu 50 kwa lita, inakushushia kama miligramu 25 kwa lita, na pH inafuata chini. Rudisha na sodiamu baikaboneti (baking soda), na kama alkalini yako ilikuwa chini tangu mwanzo ipandishe kabla, bila hiyo shabu haigandi vizuri. Pili, na hili lilinikera kwelikweli, mfuko nilionunua haukuandika popote kwamba usichuje wakati wa kutumia, mtu asiyejua angefuata yale maelezo na kuharibu filta yake. Kitu cha lazima namna hiyo kinatakiwa kiandikwe mbele kwa herufi kubwa.

Kuhusu ile dawa ya king'arisha niliyoitaja juu, sitaki kuionea. Ina kazi yake, ule ukungu mwepesi baada ya mvua au baada ya watu wengi kuoga, unaweka kidogo, filta inaendelea kufanya kazi na baada ya siku kadhaa maji yanang'aa, na humwagi maji. Kwa bwawa lililotelekezwa ni ndogo mno kwa mzigo ule. Msizitumie zote mbili kwa pamoja.

Nani asinunue shabu: mwenye filta ya katriji, ile ya kichujio cha kitambaa kinachotolewa na kuoshwa, isiyo na njia ya kumwaga nje. Utakwama na tope chini na huna pa kulipeleka, labda uwe na pampu ya pembeni ya kunyonya. Kwako wewe ni klorini, king'arisha, na kuosha katriji mara kwa mara, inachukua muda ila inafika. Na wale mnaoshauriwa "toa tu maji yote ujaze mapya", kuweni makini sana, bwawa tupu kwenye ardhi yenye maji mengi chini linaweza kusukumwa na kunyanyuka au kupasuka, hilo ni jambo la kumuuliza fundi kwanza.

Na muda wote ambao huoni sakafu asioge mtu, hata kidogo, hata mtu mzima anayejua kuogelea. Mtoto akizama kwenye maji ya ukungu hamumuoni hata akiwa hatua mbili kutoka mlipo. Mi nilifunga geti na nikawaambia wote nyumbani kwamba mpaka lile tundu la chini lionekane wazi ukiwa umesimama ukingoni, na klorini na pH zirudi kwenye viwango, hakuna kuingia.

Nitanunua tena? Ndiyo, na mfuko uliobaki nimeufunga vizuri nimeuweka pakavu, mbali na klorini.