TAHADHARI: Muuza hei anayeleta sampuli nzuri, kisha anashusha marobota yaliyooza katikati

Wafugaji wenzangu, hasa mlioko Hai, Siha, Moshi Vijijini na upande wa Meru: kuna mtu anauza hei, yaani majani ya malisho yaliyokaushwa, kwa simu, anatuma video za ghala lililojaa marobota (mafungu ya hei yaliyokazwa kwa kamba) ya kijani na kudai ni shamba lake mwenyewe. Kabla hujamtumia hela, soma kwanza yaliyonikuta. Jina simtaji, maana suala nimeshaliripoti, na majirani wawili aliowauzia wanamjua kwa majina mengine kabisa. Anavyofanya ndivyo nataka mvijue.

Nina ng'ombe wanne wa maziwa, nafugia ndani, huku Machame kwenye kihamba, shamba la nyumbani. Mabingobingo yangu yananifikisha Agosti, baada ya hapo ni majani ya migomba na mabua ya mahindi kutoka tambarare. Tangu ukame wa 2021 kuingia 2022, ule ulioteketeza mifugo Simanjiro, sisubiri tena kiangazi kikaze ndipo nitafute hei. Kwa hiyo Septemba nilikuwa na hela mkononi na hofu moyoni, na huyu bwana anawatafuta watu wa namna hiyo.

Nilimwomba sampuli, hakusita hata kidogo. Aliniletea marobota mawili kwa bodaboda. Yalikuwa mazuri kweli, siwezi kusema uongo: Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, iliyokatwa ikianza tu kutoa maua, majani mengi kuliko vijiti, kijani chake bado kipo, inanukia vizuri. Nikayapima kwa mizani ya kuning'iniza tunayopimia kahawa, moja kilo 17, jingine kilo 16 na nusu. Tukakubaliana marobota 250 kwa shilingi 5,000 kila moja. Nikatuma nusu, 625,000, na nyingine nimpe dereva mzigo ukifika.

Mzigo uliahidiwa asubuhi. Ukafika saa tatu usiku. Dereva akasema, "Mama, tushushe haraka, nina tripu nyingine Boma Ng'ombe." Vijana wakawa wanarusha, mimi nahesabu kwa tochi ya simu. Robota nililoligusa kwa nje lilikuwa kavu na kijani. Nikamlipa. Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wenzangu wote wawili walipokosea pia: mzigo wa usiku na dereva mwenye haraka.

Asubuhi nilikata kamba ya robota la kwanza. Tabaka la nje, unene wa vidole vinne hivi, ni hei. Ndani limefungwa kitu cha kahawia kilichoshikana kama mkate, nilipokibandua likatoka vumbi jeupe likanipanda puani, nikakohoa mpaka jioni. Nikaingiza mkono katikati ya robota la pili: joto. Hei iliyokauka sawasawa haina joto. Ukisikia joto, ujue ilifungwa ikiwa mbichi, na inaendelea kuchacha humo humo. Mzigo mkubwa wa namna hiyo unaweza hata kushika moto ghalani wenyewe.

Nikaleta tena mizani. Marobota 12 niliyoyachagua bila kupangilia yalikuwa kati ya kilo 8 na nusu na kilo 13, wastani kilo 11. Mengine wepesi wake ulikuwa na sababu nyingine: yalikuwa ni majani ya mpunga katikati. Na yapo ambayo kweli ni Rhodes, ila imeshavunwa mbegu ndipo ikafungwa. Hii ya mwisho inawapita wengi kwa sababu haina ukungu wala harufu mbaya. Itazame kwa makini: masuke matupu, vijiti vigumu vya njano, jani hakuna. Rhodes iliyokatwa mapema ina protini ghafi kama asilimia 8 hadi 10. Ikishakomaa mpaka kuvunwa mbegu inashuka kwenye 5 au chini ya hapo. Chini ya asilimia 7 hivi vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakosa nguvu ya kusaga majani, chakula kinakaa muda mrefu, ng'ombe anaonekana ameshiba huku maziwa yanapungua. Hiyo ni bua, iuzwe kwa bei ya bua.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kwa sampuli aliyoniletea, ningepata kama kilo 4,250, sawa na shilingi 294 kwa kilo. Baada ya kufungua yote na kutenga 83 yenye ukungu, nimebaki na kilo 1,800 na kidogo. Kilo moja imenigharimu 680, bado usafiri. Nawapa ng'ombe wangu kilo 32 za hei kwa siku. Mzigo ule ungenifikisha mwanzoni mwa Februari. Huu uliobaki unaisha Novemba.

Na kabla sijajua, nilikuwa nimeshawapa asubuhi ile kutoka robota lililoonekana zuri juu juu. Ng'ombe wangu mkubwa, anayenipa lita 14, alinusa akageuza kichwa. Wadogo walikula. Msipuuze ng'ombe anayekataa majani. Ukungu unaweza kubeba sumukuvu, na aflatoksini, ambayo ni sumukuvu mojawapo, ikiingia kwa ng'ombe inatoka kwenye maziwa, wala kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa hayo tunawapa watoto wetu.

Nilimpigia muuzaji. Akajibu, "Mama, hayo ni majani, ukungu ni kawaida." Nikamtumia picha. Siku ya pili namba haikupatikana.

Sasa nawaomba hivi. Hei nunueni kwa kilo, robota halina kipimo, kila mwenye mashine anafunga anavyotaka. Kama muuzaji anasisitiza robota, pimeni kumi kutoka sehemu tofauti za gari, ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, maana ya chini ndiyo yaliyolala kwenye sakafu ya ghala. Kateni kamba angalau za matano mbele ya dereva, mfungue mpaka katikati. Chukua konzi ya majani uyasokote: yakijikunja kama kamba bila kukatika, bado yana maji. Hei ya kuweka ghalani isizidi unyevu wa asilimia 15. Mzigo ukifika usiku, ulale kwenye gari mpaka kuche, na salio lisitoke. Dereva akikataa, ageuze nao. Najua ni vigumu kusema hivyo wakati hori ni tupu, lakini semeni.

Jirani yangu mmoja aliuziwa pia mbegu na mtu huyo huyo, mfuko usio na lebo wala jina la mzalishaji, akaambiwa ni Boma Rhodes. Tulipozisugua kiganjani zilikuwa makapi matupu, naamini ni takataka zilizofagiwa kwenye ghala la hei. Mbegu za malisho nunueni zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, basi.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja. Juzi amekuja kijana na pikipiki, hatujuani, anataka kununua yale 83 yaliyooza kwa shilingi 1,000 kila moja, eti matandiko ya nguruwe. Nikamwambia nitayafumua nimpe kwenye magunia. Akasema hapana, anayataka yakiwa na kamba zake. Nikahisi yangekwenda kuuzwa tena kama hei. Nimekata kamba zote 83 na kuyatupa kwenye shimo la mbolea. Aliye na marobota yaliyoharibika, kata kamba kabla hujayatoa nyumbani kwako.