Mwezi mmoja karakanani Jingdezhen: pesa yako inanunua nini?

Mbunifu anayetoka Dodoma kwenda kukaa kikazi Jingdezhen, mkoani Jiangxi, China, mara nyingi huondoka na picha ya gurudumu la kufinyangia kichwani: atakaa, atafinyanga, atarudi fundi. Kwa mwezi mmoja hilo halipo. Mji ule unauza mgawanyo wa kazi. Tangu karne ya 17 imeandikwa kwamba chombo kimoja hupita mikono 72 kabla hakijakamilika, na mpaka leo utamkuta mmoja anafinyanga tu, mwingine anakwangua tu, mwingine kazi yake ni kuchora kwa bluu. Kwa gurudumu tunaipa safari hii alama mbili kati ya tano. Kwa kalibu, yaani umbo la plasta la kumiminia uji wa udongo, tano.

Wageni wengi huanzia Taoxichuan, kiwanda cha zamani cha kauri kilichogeuzwa eneo la karakana na maduka, au karakana ya Pottery Workshop, iliyopo mjini humo tangu 2005. Karakana za vichochoroni ni nafuu zaidi, ila uliza mapema: joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo, limo kwenye ada? Kwa kawaida halimo. Majoko ya gesi ya umma hutoza kwa nafasi ambayo chombo kinachukua, na kukifikisha huko kikiwa kibichi ni shughuli: hupangwa juu ya ubao mrefu, kikasukumwa kwa mkokoteni polepole kwenye njia ya mashimo. Mkono wa kikombe ukikatika hapo, hasara ni yako.

Sasa kalibu. Unampelekea fundi mchoro wenye vipimo vya milimita, na hapa ndipo wengi huharibu. Udongo wa kauri husinyaa sana, tuseme asilimia 15, tangu ukiwa mbichi hadi kutoka jokoni. Ukitaka kikombe cha sentimita 9, watu huongeza asilimia 15 wakapata 10.35. Kikitoka ni 8.8, na kifuniko hakikai. Hesabu sahihi ni kugawa: 9 kwa 0.85, yaani karibu 10.6. Kila udongo una kiwango chake, kwa hiyo kata kwanza vipande vya sentimita 10, vichome, upime.

Plasta ya kalibu hukorogwa kwa kilo 1 ya maji na kilo 1.3 hadi 1.4 za unga. Unga ndio unaonyunyizwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga, la sivyo utapata mabonge na vitundu. Uji wa udongo humiminwa ukaachwa dakika 10 hadi 15, mpaka ukuta ufike milimita 3 au 4, kisha uliobaki unamwagwa. Kalibu ikiwa na unyevu hainyonyi maji, chombo kinang'ang'ania, na ukikivuta kinapasuka kwenye kitako. Wakati wa mvua za Juni kalibu hukauka kwa shida kweli, kwa hiyo Oktoba ni bora.

Jambo la kushangaza kwa waliozoea kuchoma mara mbili ni kwamba kule vyombo vingi hupakwa glezi, ule utando unaogeuka kioo, vikiwa bado vibichi. Ukipaka ndani na nje kwa mkupuo, ukuta mwembamba unalewa maji na kulala chini kama chapati. Paka ndani, subiri ikauke, ndipo upulizie nje. Futa kitako milimita 2 au 3, kwani jokoni kwenye nyuzi 1300 hivi glezi iliyobaki hapo inagandisha chombo na shelfu.

Ukirudi Dodoma usijidanganye kuhusu kauri nyeupe. Vyungu vyetu huchomwa kwa kuni hadharani, moto hauzidi sana nyuzi 900, na kwa moto huo udongo wa kauri hubaki kama chaki. Kubeba kilo 20 za udongo kwenye begi ni kulipia mzigo bure. Tena upepo wetu mkavu wa Julai unakausha ukingo kabla ya kitako, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Funika kwa nailoni siku mbili za kwanza, hasa mkono na mdomo wa chombo.

Kinachohamishika ni kalibu. Jasi inachimbwa Itigi, hapo jirani tu Singida. Ikisagwa laini na kuokwa taratibu kwenye nyuzi 150 hivi inakuwa plasta, na udongo mwekundu wa vyungu nao humiminwa vizuri ukichujwa kwa chekeche laini na kutiwa kidogo sodiamu silikati, kemikali ya kulainisha uji, gramu 3 hadi 5 kwa kilo ya udongo mkavu. Anza na 3. Ukizidisha, uji unarudi kuwa mzito badala ya kulainika, na kuongeza maji hapo ni kujichelewesha: anza upya na udongo mwingine.