Kimenyeo cha OXO Good Grips: mama amekikubali, na si mtu wa kukubali vitu ovyo

Kifaa chenyewe ni cha kumenyea viazi, ule mpini mweusi mnene unaouona umetundikwa kwenye kila duka la vyombo huku Marekani. Bei yake dola 10 na ushee. Vipo vya bati vya bei ya chini mno kuliko hiyo, najua. Lakini sikununua kwa ajili yangu. Mama alikuwa anakuja Ohio kutoka Tanga, na baridi yabisi imemkamata vidole kiasi kwamba asubuhi kufunga ngumi ni kazi.

Niseme kwanza kazi yangu, maana ndiyo iliyonifanya niwe mchaguzi. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwalelea. Kule tuna vijiko vilivyovishwa sifongo kwenye mpini, sahani zilizoinuliwa ukingo upande mmoja, vikombe vya masikio mawili. Vinasaidia, sibishi. Ila mtu akiingia tu chumba cha kulia anajua huyu mzima, yule hajiwezi, na wazee wenyewe wanajua kwamba anajua. Wapo wanaoona bora mchuzi umwagike kifuani kuliko kuonekana wameshika kijiko kile. Mama naye nilimletea kimoja. "Hicho kapeleke kwa wagonjwa wako, mwanangu," akaniambia, akaendelea kuhangaika na cha kawaida.

Kuhusu kimenyeo hakusema kitu. Alikichukua tu, akaanza na mbatata za katlesi.

Tukiangalie vizuri. Mpini si wa duara, umebonyea kidogo, kwa hiyo hauzunguki mkononi. Ni wa Santoprene, aina ya mpira usioteleza hata mikono ikiwa imelowa. Pale dole gumba na kidole cha shahada vinapokaa kuna vikato vyembamba vilivyopangana kama matamvua ya samaki, wazo lililotoka kwenye vishikio vya baiskeli. Mama huwa anavibonyezabonyeza hata akiwa hamenyi. Kiwembe kinacheza, kinafuata mwili wa kiazi chenyewe, na kina makali pande zote mbili, basi mwenye kutumia mkono wa kushoto hakubaguliwa. Ncha yake inachokoa yale macho ya mbatata. Mwenye yabisi haumizwi sana na kuvuta. Anaumizwa na kubana kitu chembamba. Hapa unashika kwa kiganja kizima, unavuta, basi.

Halikuja kwa bahati hilo. Sam Farber, mfanyabiashara wa vyombo aliyekwishastaafu, alimwona mkewe Betsey, mwenye yabisi ya mikono, akipata tabu kumenya matofaa walipokuwa mapumzikoni Ufaransa. Akawafuata wabunifu wa Smart Design, New York, na vifaa 15 vya kwanza vya OXO Good Grips vikaingia sokoni mwaka 1990. Ufundi wa mpini nausifu, lakini ninachowapongezea zaidi ni uamuzi wa biashara: hawakuviweka duka la vifaa vya hospitali. Viliuzwa kwa kila mwenye jiko. Kijana anakinunua kwa sababu ni kizuri, bibi yake anakinunua kwa sababu anakiweza, na mezani huwezi kujua nani ni nani. Leo kimo kwenye mkusanyo wa jumba la makumbusho la MoMA.

Habari za vifaa vya namna hii, vinavyomfaa mzima na mwenye yabisi, haziishi bila kumtaja Patricia Moore. Alikuwa binti wa miaka 26, mbunifu wa bidhaa katika ofisi ya Raymond Loewy, mbunifu mashuhuri wa bidhaa, New York. Aliuliza kikaoni kama mlango wa friji hauwezi kubuniwa ili mwenye yabisi aufungue bila shida. Akajibiwa kwamba wao hawabuni kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Basi mwaka 1979 akaanza kujigeuza bibi kizee: makunyanzi ya kubandika usoni, miwani ya kutia ukungu, masikio ameyaziba, viungo amevifunga visikunjike. Hadi mwaka 1982 alikuwa amepita miji zaidi ya 100 ya Marekani na Kanada akiwa hivyo. Baadaye alifundisha Arizona State University, na akabuni sehemu za mazoezi ndani ya hospitali zenye duka, ngazi na gari, ili mgonjwa azoee tena mambo ya mtaani kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Nikiwaona wazee wangu wakifundishwa kutembea kwenye korido tupu, huwa nalitamani duka lile.

Turudi jikoni. Karoti, tango, embe bichi la achari: safi kabisa, ganda linatoka jembamba na nyama haipotei. Muhogo usijaribu. Ganda lake linataka kupasuliwa kwa kisu kisha libanduliwe, na ndizi mbichi vivyo hivyo, kwa hiyo hizo bado namenya mimi. Mpini ni mnene, droo inagoma kufunga. Mwishoni kuna tundu kubwa, nimekitundika ukutani karibu na sinki, na mama anakifikia bila kuniita.

Mjihadhari na vya kuiga. Kwenye duka moja la bei poa nilikuta cheusi kama hiki, nusu ya bei, kumbe mpini ni plastiki ngumu na vile vikato vimechorwa tu juu juu. Ukilowa, unateleza. Kabla hujalipa, bonyeza kwa dole gumba: visipoinama, rudisha.

Kuna pia chenye umbo la Y, nacho nimekinunua. Kwa papai bichi na boga kinashinda kile kilichonyooka, kwa sababu unakivuta kuelekea kwako kwa mkono mzima. Kwa mbatata mama hakitaki. Mwenye yabisi nyumbani aanze na kilichonyooka, cha Y kitafuata siku ya boga.