Bima ya abiria wa teksi mtandao Dar es Salaam: ulinzi mzuri kisheria, mgumu kuupata

Bima ndogo ya gari la biashara, yaani ile inayowakinga watu wengine na si gari lenyewe, hununuliwa na mwenye gari, lakini siku ya ajali anayeihitaji kuliko wote ni abiria wa kiti cha nyuma, ambaye hakuichagua, hakusoma masharti yake, na mara nyingi hajui hata ni kampuni gani iliyoitoa. Tathmini nyingi za bima za magari huandikwa kwa ajili ya wenye magari. Hapa ninaipima bima hiyo kwa upande wa abiria, hasa yule anayeita gari kwa simu jijini Dar es Salaam.

Nianze na sifa zake, kwa kuwa zipo na ni za kweli. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hairuhusu gari kutembea barabarani bila bima inayowakinga watu wengine dhidi ya kifo na majeraha, na gari linapobeba watu kwa malipo, abiria nao wanahesabiwa miongoni mwa wanaokingwa. Aliyeumia akishinda kesi dhidi ya dereva au mwenye gari, kampuni ya bima ndiyo inayobeba hukumu hiyo, mradi ilipewa taarifa ya shauri kwa wakati. Msimamo wa abiria mbele ya sheria ni mzuri, kwani ni nadra mno yeye kuwa chanzo cha ajali. Kosa likiwa la dereva wake, anadai kwenye bima ya gari alilopanda. Kosa likiwa la lori lililowagonga kwa nyuma, anadai kwenye bima ya lori. Ndiyo maana aliyenusurika, au ndugu aliyewahi kufika eneo la tukio, anapaswa kupiga picha namba za magari yote mawili kabla hayajaondolewa barabarani.

Huduma ninayoisifu bila kusita ni ile ya kuhakiki bima kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Unaingiza namba ya gari kwenye simu, na mfumo unakuonyesha kama bima ipo hai au la. Abiria anaweza kufanya hivyo akiwa bado anasubiri gari lifike, na halipii chochote zaidi ya bando lake la intaneti. Ningependa kila anayempandisha mzazi au mtoto wake kwenye gari la mtu asiyemjua ajenge mazoea hayo.

Hata hivyo, bima kuwa hai hakutoshi, na hapa ndipo bidhaa hii inaponisikitisha. Mkataba wa bima hutaja matumizi ya gari, na gari lililokatiwa bima kama la binafsi halikukatiwa kwa ajili ya kubeba watu kwa nauli. Ukisimama Mwenge jioni ukatazama magari yanayoitwa kwa simu, utaona mengine yana kibao cheupe cha gari la biashara na mengine kibao cha njano cha gari binafsi. Kibao cha njano peke yake hakithibitishi kwamba bima ina kasoro, lakini ni sababu tosha ya kumwomba dereva kwa upole akuonyeshe hati ya bima na kusoma sehemu inayotaja matumizi.

Dada yangu aliumia katika gari la namna hiyo kwenye Barabara ya Bagamoyo, akavunjika mfupa wa mtulinga. Alifuata kila hatua: alichukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo hospitali, akatunza cheti cha daktari, picha za eksirei na risiti zote za matibabu, kisha akafuatilia ripoti ya ajali na ramani ya eneo la tukio mpaka akazipata. Afisa madai wa kampuni ya bima, ambayo sitaitaja, alilipokea faili lote, akalipekua karatasi moja baada ya nyingine, kisha akamweleza kwamba gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi na kwa hiyo madai hayapokelewi. Dereva hakuwa na fedha, na mwenye gari aliacha kupokea simu. Mgonjwa aliyefungwa mkono kifuani hapaswi kuwa mtu wa kwanza kugundua kwamba gari lilisajiliwa kwa matumizi yasiyo yake.

Hata pale bima inapokuwa sahihi, safari ya madai ni ndefu. Kampuni husubiri uchunguzi wa polisi, na mara nyingi matokeo ya kesi ya trafiki, ilhali gharama za hospitali hazisubiri. Naomba majeruhi wazingatie jambo moja: usitie saini karatasi ya kukubali malipo ya mwisho kabla daktari hajasema matibabu yamekwisha, kwa kuwa ukishasaini ni vigumu mno kurudi kudai gharama za upasuaji wa pili. Ukiona unazungushwa, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na usisahau kwamba shauri la madhara ya aina hii lina ukomo wa miaka 3.

Kwa wanaopanda bodaboda na bajaji, yote niliyoyasema yanahusu vyombo hivyo pia, na hatari ya mwili ni kubwa zaidi. Anayesafiri kila siku afikirie kujikatia bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa kiasi kilichokubaliwa bila kusubiri kujua kosa lilikuwa la nani.

Kuna mahali ambapo tatizo hili lilishughulikiwa kwa sheria. Katika jimbo la California, Marekani, tangu Julai 2015 safari ya teksi mtandao inapaswa kuwa na bima ya dhima, yaani ya kuwalipa wengine walioumia au kupata hasara, ya dola 1,000,000 kuanzia dereva anapokubali ombi mpaka abiria wa mwisho anaposhuka. Sidai kwamba kiwango hicho kinafaa Tanzania. Ninachokitamani ni ule utaratibu wa kuifunga bima na safari yenyewe, ili haki ya abiria isitegemee uaminifu wa mwenye gari siku aliyokwenda kwa wakala.

Kwa hiyo ulinzi ulioandikwa kwenye sheria ninaupa alama 4 kati ya 5, na huduma ya madai, kama majeruhi anavyokutana nayo dirishani, ninaipa 2. Kampuni za teksi mtandao zinaweza kuinua alama hiyo ya pili bila kusubiri sheria mpya. Tayari zinamtaka dereva awasilishe leseni na kadi ya gari kabla ya kumsajili. Zikatae pia gari lisilo na bima ya kubeba abiria, na zionyeshe jina la kampuni ya bima na tarehe ya mwisho wa bima hiyo pale pale panapoonekana jina la dereva na namba ya gari.